Kansere inaporudi: maisha kati ya matibabu, kutulia na vipimo



Jumapili moja, miaka kadhaa iliyopita, tulisimama mimbarani na karatasi ya hospitali mkononi. Mama mmoja wa kwaya yetu alikuwa amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amepasuliwa titi na kupewa kemoterapi kwa miezi mingi, na nywele zake zilikuwa zimeanza kuota tena chini ya kitambaa. Kwenye karatasi kulikuwa na neno ambalo sisi tuliosoma teolojia kwa Kifaransa tulidhani tunalijua vizuri: remisio. Katika shule ya teolojia neno hilo ndilo ondoleo la dhambi. Basi tukatangaza kwamba Mungu ameiondoa kansere. Vigelegele vikapigwa, sadaka ya shukrani ikatolewa, na mama akasimama kushuhudia.

Miaka mitatu baadaye mgongo ulianza kumwuma. Alikaa na maumivu hayo miezi saba bila kutuambia. Tulipomwuliza sababu alijibu kwa upole: "Pasta, mlikuwa mmekwisha kumshukuru Mungu mbele ya watu wote. Ningewaambia nini?"

Kosa lilikuwa letu. Hakukosea yeye wala daktari wake. Tangu hapo tumekaa na wagonjwa wengine, tumewauliza madaktari na wauguzi maswali ambayo pengine yaliwachosha, na tumeona kwamba makutaniko yetu yanajua kuombea mtu anayeumwa na yanajua kuzika, lakini hayajajifunza kutembea na mtu ambaye ugonjwa wake unatulia, unarudi, unatulia tena. Tunaandika kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi na akina mama wa diakonia, na pia kwa ajili ya wagonjwa wenyewe. Tutasema zaidi juu ya kansere ya titi, kwa sababu ndiyo tuliyoiona kwa karibu.

Neno remisio linasema nini

Daktari anaposema remisio anasema juu ya kile anachoweza kuona na kugusa. Kama hakuna alama ya ugonjwa katika mwili, wala kwenye picha, wala katika damu, ataiita remisio kamili. Kama uvimbe umepungua sana lakini bado upo, ataiita ya sehemu. Kwa Kiswahili sisi tumeamua kusema "ugonjwa umetulia". Hatusemi "umepona", na hatusemi tena "umeondolewa". Dhambi iliyoondolewa hairudishwi na Mungu, lakini kansere iliyotulia inaweza kurudi. Ni neno moja katika nyumba mbili, na sisi tuliingia nyumba isiyokuwa yake.

Kwa nini inarudi? Mashine yoyote ya picha ina mpaka wake. Uvimbe wa sentimita moja tu tayari una mamilioni mengi ya seli. Chembe chache zilizoachwa nyuma baada ya upasuaji, au zilizokuwa zimesafiri katika damu kabla ya upasuaji, hakuna skana inayoweza kuziona. Nyingi huuawa na dawa. Nyingine hulala, na zinaweza kulala miaka. Kwa hiyo mtu ambaye kansere yake imerudi hakufanya dhambi ya siri, hakurogwa na mke-mwenza, wala hakula chakula kibaya. Tunasema hivi waziwazi kwa sababu tumesikia maneno hayo yote matatu katika nyumba za waamini wetu, na mara moja tuliyasikia kutoka kinywa cha mzee wa kanisa.

Kansere ya titi inaweza kurudi palepale, kwenye kovu au kwapani, na wakati mwingine hatua hiyo inaweza kutibiwa tena kwa nia ya kuimaliza. Inaweza pia kutokea mbali: katika mifupa, mapafu, ini au ubongo. Hapo madaktari kwa kawaida hawasemi tena habari ya kuimaliza kabisa. Wanasema juu ya kuizuia, na wapo watu wanaoishi nayo miaka, wakilima, wakifundisha, wakilea. Jambo moja huwachanganya watu: kansere ya titi iliyohamia mfupani bado ni kansere ya titi, na inatibiwa kwa dawa za kansere ya titi. Mama yetu alipoambiwa kwamba kansere imekutwa kwenye uti wa mgongo, jamaa zake walidhani amepata ugonjwa wa pili, wakaanza kuuliza ni nani anayewaandama.

Kila kansere ina saa yake. Iko ile ya taya na tumbo ambayo hushika watoto wa ukanda wetu, iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala. Hiyo hukua kwa kasi ya kutisha, na ikirudi mara nyingi hurudi katika mwaka wa kwanza. Mzazi aliyevuka mwaka huo ana sababu ya kupumua. Kansere ya titi haiko hivyo. Ile ambayo hailishwi na homoni, kama inarudi, mara nyingi hurudi katika miaka ya kwanza, mitatu hadi mitano. Ile inayolishwa na homoni inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi au ishirini. Hesabu ya miaka mitano, ambayo watu wengi huiona kama mstari wa mwisho wa mbio, haina maana ileile kwa wote.

Kidonge cha kila siku na karatasi za zamani

Kwa wale ambao kansere yao inalishwa na homoni, daktari huandika kidonge kimoja kila siku, mara nyingi tamoksifeni, kwa miaka mitano na pengine hadi kumi. Hapa ndipo tumewapoteza watu. Mtu anajisikia vizuri, nywele zimerudi, anaimba tena kwaya, na kidonge kinamletea joto la mwili na jasho la usiku. Anajiuliza anakimeza kwa nini. Mwingine anaambiwa katika chumba cha maombi kwamba kuendelea kumeza ni kutoamini. Tumemjua mtu aliyetupa kopo zima chooni baada ya mkesha. Wapendwa, kidonge hicho kinazizuia zile chembe zinazolala zisipate chakula. Asiyeona ugonjwa ndiye hasa anayekihitaji. Kama madhara yanazidi, azungumze na daktari, kwa maana ziko dawa nyingine, na asiache peke yake.

Tukumbuke mfalme Hezekia. Alilia mbele za Mungu, akasikiwa, na nabii yuleyule aliyeleta jibu akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Akaongezewa miaka kumi na mitano. Tumehubiri mara nyingi juu ya machozi yake, mara chache sana juu ya tini, na juu ya ile hesabu ya miaka hatujawahi kuhubiri kabisa. Na Trofimo, mwenzi wa Paulo, mtume alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, na hakuandika neno hata moja la kumlaumu kwa imani haba.

Karatasi ni jambo ambalo hatukulijua kabla ya mama huyu. Kansere ikirudi, daktari mpya atauliza: ile ya kwanza ilikuwa ya aina gani? Ililishwa na homoni au hapana? Ulipewa dawa zipi, na mara ngapi? Liko sababu kubwa. Dawa moja nyekundu inayotundikwa katika mshipa, doksorubisini, ina kipimo ambacho mtu hapaswi kukivuka katika maisha yake yote, kwa sababu ikizidi inadhoofisha moyo. Asipojua ulipewa kiasi gani, daktari anatembea gizani. Nasi tunaishi katika nchi ambako watu hukimbia usiku wakiwa na godoro na watoto tu. Karatasi ya maabara iliyoeleza aina ya kansere ya mama yetu ilikuwa imebaki katika nyumba iliyoporwa. Ilibidi achukuliwe kipande kingine cha nyama na kupimwa upya. Mara nyingi kipimo hicho kinafaa kurudiwa hata hivyo, maana kansere inayorudi inaweza kubadilika, lakini kuhusu dawa alizopewa zamani hakukuwa na njia ila kumwandikia daktari wa kwanza na kungoja.

Tangu hapo tunawaomba wagonjwa wapige picha za karatasi zote kwa simu, wazitume kwa ndugu aliye mji mwingine, na nakala moja ibaki kwa katibu wa paruasi katika bahasha iliyofungwa. Bahasha haifunguliwi na mtu yeyote bila ruhusa ya mgonjwa, hata mchungaji.

Miezi ya kemoterapi

Juu ya kichefuchefu, nywele na vidonda vya kinywani wengi wameshasikia. Liko moja ambalo katika nchi yetu ya malaria linaua. Dawa za kemoterapi hupunguza chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, na mara nyingi huwa chache zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Homa ikifika digrii 38 katika siku hizo, mgonjwa aende hospitali siku ileile, hata usiku. Familia nyingi hununua dawa ya malaria kwa muuza dawa wa jirani na kungoja asubuhi. Inawezekana ni malaria kweli, lakini inawezekana pia ni maambukizi yanayoweza kummaliza kabla jua halijachomoza, kwa kuwa mwili hauna askari. Apimwe yote mawili.

Na juu ya kufunga, tumekata shauri katika paruasi yetu: mtu aliye katika kemoterapi hafungi. Wengine wafunge kwa ajili yake. Walikuwepo waliotunung'unikia. Tulipowaambia kwamba aliyetoka kutapika siku tatu amekwisha kufunga zaidi yao, walinyamaza.

Vipimo vya kufuatilia

Baada ya matibabu ya kwanza, mwenye kansere ya titi huitwa arudi kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka mitatu, halafu kila miezi sita hadi kumi na miwili mpaka mwaka wa tano, kisha mara moja kwa mwaka. Daktari anauliza maswali, anapima kwa mikono kovu, makwapa, shingo na titi lililobaki. Pale inapowezekana, mamografia hufanyika kila mwaka. Kwa kansere ya shingo ya kizazi daktari hurudia kutazama mahali penyewe, na kwa kansere ya prostate baba anatolewa damu kupimwa PSA. Ni vipimo visivyofanana, kwa hiyo jirani asimpangie jirani.

Watu wetu wanapenda mashine. Wengi hutuuliza mbona daktari amemgusa tu mgonjwa na kumrudisha nyumbani bila skana. Tunajua familia iliyouza ng'ombe ili kulipia skana ambayo hakuna daktari aliyeiandika. Majaribio mawili makubwa yaliyofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 1994 yaliwafuatilia wanawake waliokwisha kutibiwa kansere ya titi. Wale waliopigwa picha za mifupa na kifua mara kwa mara bila kuwa na dalili yoyote hawakuishi zaidi ya wale waliopimwa kwa mikono na mamografia. Kwa hiyo daktari asiyeandika skana kwa mtu asiye na dalili si mzembe. Anakuachia ng'ombe wako.

Lakini dalili zikija, mambo hubadilika. Maumivu ya mfupa yasiyoisha kwa wiki kadhaa, hasa yanayozidi usiku. Kikohozi au pumzi fupi isiyo na sababu. Uvimbe mpya kwenye kovu, kwapani au shingoni. Macho kuwa ya manjano. Kichwa kuuma kwa namna mpya pamoja na kutapika au kuona vibaya. Hayo yapelekwe kwa daktari bila kungoja tarehe iliyoandikwa. Na kama mtu mwenye maumivu ya mgongo anaanza kulegea miguu au kushindwa kujua haja, asingoje hata siku moja, kwani uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na miguu iliyokufa kwa siku kadhaa ni vigumu kuirudisha. Mama yetu, katika ile miezi saba, alikaribia hapo. Tunapolala usiku tunalifikiri.

Kwa mtu ambaye kansere imekwisha kurudi, skana inapata kazi nyingine. Kila miezi kadhaa inatazama kama dawa inafanya kazi. Majibu huwa na sura tatu: umepungua, umesimama, au umeendelea. Watu husikia "umesimama" wakaanza kulia, wakidhani dawa imeshindwa. Kumbe kwa ugonjwa wa namna hii kusimama ni habari njema, na mtu anaweza kukaa katika kusimama huko kwa muda mrefu. Na "umeendelea" maana yake kwanza ni kwamba dawa hii ibadilishwe. Bado haijasemwa kwamba mambo yamekwisha.

Juma la skana ni zito kuliko tulivyodhani. Mama alituambia kwamba siku kumi kabla yake hawezi kula vizuri, anasikia maumivu kila mahali, anaota ndoto za hospitali. Akirudi na jibu zuri anapata majuma machache ya amani, halafu tarehe nyingine inaanza kusogea. Sisi tulikuwa tunamwongezea mzigo: simu kumi na tano kwa siku, kila mmoja akiuliza, "Matokeo?" Sasa yeye mwenyewe amemchagua dada mmoja wa diakonia. Huyo ndiye anayejua, na ndiye anayewaambia wengine kile ambacho mama ameruhusu kisemwe. Sisi wengine tunamtembelea tukizungumza habari za maharage na za wajukuu.

Safari

Wagonjwa wengi wa upande wetu huvuka mpaka. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kumekuwa na kituo cha kansere tangu 2012. Kigali, kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe, matibabu ya mionzi yalianza 2019. Taasisi ya kansere ya Uganda, pale Mulago, ipo tangu 1967. Lakini hata huko mashine ni chache: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, na wagonjwa walikaa karibu miaka miwili kabla mpya haijazinduliwa Januari 2018. Kabla ya kupanda gari, piga simu uulize kama mashine inafanya kazi na kama daktari yupo.

Gharama ambayo kanisa huisahau ni ile ya kurudi. Kwa upasuaji wa kwanza watu huchanga kwa moyo. Kwa safari ya sita ya vipimo, ambayo ni usafiri, kulala usiku mbili na chakula, hakuna anayetangaza mchango, na mgonjwa anaona aibu kuomba tena. Akina mama wetu walianzisha likelemba kwa jambo hilo tu. Si fedha nyingi. Inatosha nauli ya watu wawili, kwa sababu tumeamua pia kwamba hakuna anayekwenda kupokea majibu akiwa peke yake.

Maumivu

Kansere ya mifupa huuma, na dawa yake ikiwa kali ni morfini ya kunywa. Wengi wetu huiogopa kama dawa ya kufa. Uganda wameitumia kwa miaka mingi: Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Ikitolewa kwa kipimo na kupandishwa polepole, mgonjwa hafi kwa morfini hiyo, na anaweza kulala, kula na kusali. Hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Mtu anayelia kwa maumivu usiku kucha hatumwambii avumilie kama Ayubu. Ayubu mwenyewe hakunyamaza.

Ushuhuda

Hatukuacha kutoa shuhuda. Tumebadilisha namna. Mgonjwa akitaka kumshukuru Mungu kwa matibabu yaliyokwisha, anashukuru kwa hayo, na mchungaji anaongeza mbele ya wote kwamba ndugu huyu ana tarehe ya kurudi hospitali, na tarehe hiyo inatajwa ikiwa ameruhusu. Kutaniko linaomba kwa ajili ya tarehe hiyo pia. Mwanzoni ilionekana kama kumwaga maji juu ya moto. Shemasi mmoja alituuliza kama tunamwekea Mungu akiba ya mashaka. Tulimwambia hapana, tunamwekea dada yetu mlango wa kurudi.

Mama wa kwaya alipewa mionzi ya mgongo, akabadilishiwa kidonge. Skana mbili za mwisho zimesema umesimama. Hawezi tena kubeba ndoo ya maji kichwani, na wakati wa kuimba hukaa kwenye kiti ambacho vijana humwekea mwisho wa mstari wa sauti ya pili. Miezi michache iliyopita binti yake aliolewa, naye alicheza kidogo, akiwa ameshikwa mkono pande zote mbili.

Safari yake inayofuata ni mwezi ujao, siku ya Jumanne. Nauli imekwisha kuwekwa, na dada wa diakonia amekwisha kuomba ruhusa kazini.